Safari za Baiskeli Msimu wa Mvua: Usome Udongo, Uheshimu Mto

Mvua inapoanza kunyesha Machakos, barabara ya vumbi iliyopitika kwa nusu saa wiki iliyopita huweza kumchukua mwendesha baiskeli asubuhi nzima. Kuna wanaokwama katika tambarare za Mavoko wakisukuma baiskeli ambayo magurudumu yake hayazunguki tena kwa tope. Kuna wanaofika kwenye mto uliokuwa mchanga mtupu walipoupita asubuhi, wakaukuta umejaa hadi ukingoni. Mara nyingi hasara yake ni kuchelewa tu. Lakini anayeamua kuvuka mto uliojaa huhatarisha maisha yake.

Waendesha baiskeli katika kaunti hii ni wa aina nyingi. Kuna mwanafunzi anayekwenda shuleni na mkulima anayepeleka maembe sokoni. Wapo pia vijana wanaotembea vilima vya Mua na Iveti mwishoni mwa juma, na wageni wanaofunga mizigo kwenye karia na kuzunguka vijijini kwa siku kadhaa. Baiskeli zao hazifanani, lakini njia ya vumbi ikilowa wote huulizwa maswali mawili: udongo huu ni wa aina gani, na maji haya yanatoka wapi? Anayejua kuyajibu hufika salama, au hurudi salama.

MISIMU MIWILI NA SAA ZA SAFARI

Machakos hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Mvua ndefu za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua fupi za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mvua za vuli ndizo wakulima wengi wa Ukambani wanazozitegemea zaidi. Huangukia pia wakati maembe yanapoanza kuiva, kwa hiyo baiskeli nyingi huwa njiani zikiwa na mizigo mizito wakati ambapo barabara zimeharibika.

Mvua kubwa mara nyingi hunyesha alasiri au usiku. Hii ndiyo sababu wazoefu huondoka alfajiri kukishapambazuka na kupanga kufika kabla ya saa nane mchana. Anayetoka saa sita akiona jua kali huenda akakutana na mawingu katikati ya njia, mbali na duka na mbali na paa.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu, wa siku saba na wa saa 24, na ina ofisi yake katika kila kaunti. Utabiri huo pia husomwa redioni. Anayesafiri asisikilize wa kule aendako pekee. Asikilize pia wa kule mito yake inakoanzia, kwa sababu zinazoelezwa hapa chini.

AINA TATU ZA UDONGO

Si kila tope ni sawa. Katika kaunti hii, msafiri atakutana na aina tatu kuu za ardhi, na kila moja ina tabia yake ikilowa.

Ya kwanza ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule uitwao pamba nyeusi. Unapatikana zaidi katika tambarare za Mavoko na katika mabonde ya chini. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana. Mvua ikinyesha, chembe zake hunyonya maji na kuvimba, kisha udongo wote hugeuka kuwa gundi. Tope hili hushika tairi, likakusanya nyasi na mawe madogo, na baada ya mita chache hujaza nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi. Gurudumu husimama. Kukanyaga pedali kwa nguvu zaidi hakusaidii. Huvunja giya au kukata mnyororo. Mwenye baiskeli hulazimika kuibeba, nayo kwa wakati huo imeongeza kilo kadhaa za tope.

Kwa udongo huu, shauri lililo bora ni kutopita kabisa. Unaweza kuchukua siku kadhaa kukauka, hata kama jua linawaka. Njia ya lami au ya changarawe, hata ikiwa ndefu kwa kilomita kumi, huwa ya haraka zaidi. Asiye na njia nyingine aondoe madigadi kabla ya kuingia, abebe kijiti kigumu cha kukwangua tope, na ashuke kusukuma kabla magurudumu hayajafunga.

Ya pili ni udongo mwekundu wa vilimani, kama ule wa Iveti, Mua, Kathiani na Kangundo. Huu haunati sana, lakini huteleza kama sabuni, hasa dakika za kwanza za mvua wakati vumbi la juu linapogeuka kuwa utelezi huku chini kukiwa bado kugumu. Hatari yake kubwa iko kwenye miteremko na kona. Mwendesha baiskeli apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ashike breki ya nyuma zaidi kuliko ya mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza, kuanguka ni papo hapo. Barabara za changarawe nyekundu, ambazo wengi huziita murramu, hukauka haraka kuliko udongo mtupu. Zikishonwa vizuri na kuwa na mitaro, huweza kupitika muda mfupi baada ya mvua kukatika.

Ya tatu ni ardhi ya kichanga, ambayo hupatikana sehemu nyingi za Yatta, Masinga na Mwala. Hii humshangaza mgeni, kwani mvua kidogo huifanya iwe afadhali kuliko wakati wa kiangazi. Mchanga uliolowa hushikamana na kubeba gurudumu. Tatizo lake ni kwamba husombwa kwa urahisi. Njia iliyokuwa nzima jana huweza kuwa na mfereji wa kina cha goti leo, na mara nyingi mfereji huo hufunikwa na dimbwi. Kanuni ni moja: dimbwi lisiloonyesha sakafu yake lisiingiwe kwa kasi. Likaguliwe kwa fimbo, au lipitwe kando kwa miguu.

MTO UNAOJAA CHINI YA JUA

Mito mingi ya Machakos ni ya msimu. Kwa miezi mingi huwa njia za mchanga ambazo watu na ng'ombe hupita bila wasiwasi. Mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka kwa kasi kwenye miteremko na kukusanyika kwenye vijito, kisha mtoni. Mafuriko hayo huchukua muda kufika chini. Kwa hiyo mtu aliye kwenye kivuko anaweza kuona anga la buluu juu yake huku maji ya mvua iliyonyesha mbali yakiwa njiani kumfikia.

Mto Athi ni mfano mzuri. Maji yake hukusanywa kutoka upande wa Ngong na Nairobi, yakapita Mavoko, yakaporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, yakazunguka mlima Kilimambogo na kuelekea kusini-mashariki kando ya uwanda wa juu wa Yatta. Mvua ya Nairobi usiku humgusa mkazi wa Machakos aliye kando ya mto huo hata kama kwake halikuanguka tone. Wakati wa masika ya mwaka 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 280 kote nchini, na sehemu za Mavoko zilikuwa miongoni mwa zilizofurika.

Dalili za maji yanayokuja zinajulikana na wazee wa vijiji vya kando ya mito: maji safi yanabadilika ghafla kuwa ya kahawia, povu na vijiti vinaanza kuelea, na mngurumo unasikika kutoka juu. Mtu akiona au akisikia mojawapo akiwa ndani ya mto, aiache baiskeli na kupanda ukingo mara moja. Baiskeli hununuliwa.

Wengi hudhani kuwa hatari huanza maji yanapofika kifuani. Sivyo. Maji yaendayo kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, kina kisichofika nusu ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kina cha sentimita 60 kinaweza kulibeba gari. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Anayesukuma baiskeli yumo katika hatari zaidi ya anayetembea mikono mitupu: magurudumu na mzigo hupokea msukumo wa maji kama tanga linavyopokea upepo, na yeye hujaribu kuvishikilia badala ya kujiokoa.

Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Ikiwa basi lenye uzito wa tani kadhaa lilichukuliwa, baiskeli na mwenyewe hawana la kujaribu.

Vivuko vitatu vinahitaji tahadhari ya pekee:

Drifti. Hiki ni kivuko cha zege kilichojengwa karibu sawa na sakafu ya mto, ili maji yapite juu yake. Maji yakiwa juu ya drifti, hakuna anayeweza kuona kama kipande kimebomoka. Pia zege huota ukoga unaoteleza. Mstari wa mawe au nguzo za pembeni ukizama, kivuko kimefungwa.

Ukuta wa bwawa la mchanga. Machakos ina mabwawa mengi ya aina hii, ambayo huzuia mchanga mtoni ili maji yahifadhiwe ndani yake. Wakati wa kiangazi watu huvuka juu ya ukuta. Wakati wa mvua maji hupita juu yake na kuchimba shimo upande wa chini. Ukuta huo haukujengwa kuwa daraja.

Sakafu ya mto iliyochimbwa mchanga. Mahali ambapo mchanga umezolewa huachwa mashimo. Mafuriko yakipita, mashimo hayo hujazwa mchanga laini na maji, na juu huonekana kama sakafu imara. Hata baada ya mto kupungua, mvukaji atumie kivuko kinachotumiwa na wenyeji siku hiyo.

Mto ukiwa umejaa, kungoja ni sehemu ya safari. Mito midogo ya msimu mara nyingi hupungua baada ya saa chache ikiwa mvua imekatika juu. Anayesafiri aondoke nyumbani akiwa amekwisha kuamua atasubiri wapi au atarudi kwa njia gani. Uamuzi unaofanywa ukingoni, giza likiingia na tumbo likiwa tupu, mara nyingi huwa mbaya.

BREKI, MZIGO NA TAIRI

Baiskeli aina ya Black Mamba bado ndiyo punda wa kazi vijijini. Rimu zake za chuma ni imara, lakini zikilowa raba za breki hushika kwa udhaifu sana. Mwendesha baiskeli anayejua kusimama ndani ya mita tano wakati wa kiangazi huenda akahitaji mara mbili au tatu ya umbali huo mvua ikinyesha. Kabla ya kuanza mteremko, aguse breki kidogo kidogo mara kadhaa ili raba zifute maji kwenye rimu. Akifika chini ya mteremko ndipo agundue kwamba breki hazishiki, atakuwa amechelewa.

Mzigo huzidisha tatizo. Mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20. Mitungi minne ni kilo 80, sawa na kumbeba mtu mzima. Mzigo huo ukiwa juu ya karia, baiskeli huyumba kwenye utelezi na huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Wakati wa mvua mzigo upunguzwe, ufungwe chini na usawa pande zote mbili, na kwenye mteremko mkali wenye udongo mwekundu mwenye baiskeli ashuke atembee. Si aibu.

Kwenye tope na mchanga, kupunguza upepo wa tairi kidogo huongeza sehemu inayogusa ardhi na hivyo mshiko. Lakini aliyebeba mzigo mzito asipunguze sana, kwani rimu itabana tyubu kwenye jiwe na kuipasua. Tairi zilizolika meno zibadilishwe kabla ya msimu kuanza.

Vitu vya kubeba ni vichache: tyubu ya akiba, viraka na gundi, pampu, spana, chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo, kitambaa, taa na koti la mvua. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, simu na hati zinaweza kuwekwa kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Mdomo wa chupa ya maji ufunikwe, kwa sababu tope linalorushwa na gurudumu huwa limechanganyika na kinyesi cha mifugo na maji ya mitaroni.

RADI NA BARIDI

Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka viko juu zaidi. Aliyelowa akishuka kutoka Iveti kwa kasi hupigwa na upepo na kupoteza joto haraka. Vidole vikifa ganzi, hawezi kushika breki. Nguo moja kavu iliyofungwa vizuri ni ya thamani kuliko vitafunio.

Radi ikionekana, msafiri ahesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu kiasi cha kumfikia. Atafute nyumba au gari lililofungwa, aondoke kileleni na kwenye mawe yaliyo wazi, na asijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Asubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

WATEMBEZI NA WAGENI

Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, huvutia watembezi wengi. Mlima huu uko ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, na kama jina lake la Kiswahili linavyosema, una nyati. Mvua ikinyesha, ukungu na vichaka vizito hupunguza umbali wa kuona, na baiskeli inayoteremka kimya huweza kumshtua mnyama. Wageni wajiulize langoni na wafuate maelekezo ya askari wa wanyamapori. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za kitaifa tangu Juni 2020.

Kwenye njia za vijijini, ramani ya simu haitamwambia mgeni kwamba drifti ilibomoka wiki iliyopita. Mwenye duka, mwendesha bodaboda au mama anayetoka kuteka maji atamwambia. Kusalimu na kuuliza hali ya mto ulioko mbele huchukua dakika mbili.

NJIA YA BAISKELI ISIWE NJIA YA MAJI

Kuna jambo jingine linalowahusu wote, hata wasiopanda baiskeli. Barabara ikijaa tope, wapitaji hukata kona na kupita shambani. Gurudumu huacha mfuo mwembamba. Mvua inayofuata huupata mfuo huo na kuufuata kama mfereji. Baada ya misimu michache, mfuo huwa korongo.

Machakos inaijua hadithi hii. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo hapa ulikuwa wa kutisha. Wakulima walijenga matuta, mengi yakiwa ya aina ya fanya juu, ambapo udongo unaochimbwa mtaroni hutupwa upande wa juu ili kuunda ukuta unaozuia maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu Wilaya ya Machakos ya zamani, iliyojumuisha Makueni ya leo, ulionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado ardhi ilikuwa imetunzwa vizuri kuliko awali. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na mikono ya akina mama na vikundi vya mwethya.

Tuta likikatwa na tairi mahali pamoja, maji yote ya kitalu hutafuta tundu hilo. Kwa hiyo mwenye baiskeli asipite juu ya tuta. Ikiwa barabara haipitiki, ashuke na kusukuma kwenye ukingo wa barabara yenyewe, au angoje ikauke.

BAADA YA SAFARI

Tope likikaukia kwenye baiskeli hula vyuma. Lioshwe likiwa bado bichi, kwa maji kidogo na brashi, bila kupuliza maji kwa nguvu kwenye gololi za magurudumu na pedali. Mnyororo ufutwe hadi ukauke, kisha utiwe mafuta kidogo. Raba za breki zikaguliwe, kwa kuwa mchanga uliojibana ndani yake huchakaza rimu. Kwa anayetumia baiskeli kila siku wakati wa mvua, fundi afungue na kupaka grisi upya msimu ukiisha.

KABLA YA KUONDOKA

- Mvua ilinyesha wapi jana usiku, hapa au juu mtoni?
- Njia hii ina udongo mweusi? Kuna njia mbadala?
- Ni mito mingapi itavukwa, na kwa kivuko gani?
- Breki zinashika zikiwa zimelowa?
- Nani nyumbani anajua njia na saa ya kurudi?
- Mto ukijaa, nitasubiri wapi?

MSAADA NA TAARIFA

Wakati wa dharura, wakazi wapige 999, 112 au 911. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapatikana kwa nambari 1199 bila malipo. Aliyeona mtu akisombwa asijitose majini bila kamba wala msaada. Apige simu, aite watu, na amrushie kamba, mtungi mtupu uliofungwa au kitu kingine kinachoelea.

Barabara nyingine husimamiwa na kaunti na nyingine na mamlaka za kitaifa za KeNHA, KURA na KeRRA. Mkazi si lazima ajue ipi ni ya nani. Akikuta drifti iliyobomoka au korongo barabarani, ampashe habari msimamizi wa wadi au chifu wa eneo, akitaja jina la mto, kijiji kilicho karibu na siku aliyoliona. Wakati huo huo, matawi mabichi yawekwe pande zote mbili za mahali palipoharibika, ili anayekuja nyuma gizani asimame kabla ya kufika.